SSDI na pensheni ya kazini kwa pamoja: piga hesabu ya kodi yako Marekani kabla barua haijakufikia

Kila mwaka ikifika Februari simu yangu haitulii, na swali ni lile lile, sauti tu ndo inabadilika: "Kaka, mimi napokea hela ya ulemavu na kale kapensheni ka kazini, nakatwa kodi au sikatwi?" Mmoja kaambiwa na shemeji yake hela ya ulemavu haina kodi hata senti, mwingine kaambiwa kanisani inakatwa yote, na wote wawili wamedanganywa. Sasa naandika hapa mara moja, mtu akiniuliza namtumia hii, basi.

Mimi si mhasibu. Nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa, mgongo ukanikatikia nikiwa na miaka 47 namtoa mama mmoja kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu, tangu siku hiyo naishi kwa SSDI, yaani hela ya ulemavu ya Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali ya Marekani, na pensheni ya ulemavu ya mwajiri wangu wa zamani. Jumamosi za msimu wa kodi najitolea kusaidia watu kujaza ritani, ile fomu ya kodi ya mwaka. Kwa hiyo makosa utakayoyasoma humu, mengine nimeyaona kwa watu na mengine nimeyafanya mwenyewe na nimeyalipia.

Kitu cha kushika ni hiki: hizi hela mbili hazijuani. Social Security hawaangalii pensheni yako wanapokulipa, na anayekulipa pensheni hana habari na SSDI yako, kila mmoja anakukata kana kwamba mwenzie hayupo, au hakukati kabisa. Anayewaona wote wawili ni IRS, watoza kodi wa serikali kuu, peke yake. SSDI ikiwa peke yake mara nyingi imelala, haina kodi, ila pensheni ikiingia ndo inaiamsha.

Namba zote nilizoweka ni za mapato ya mwaka 2025, yaani ritani ambayo mwisho wa kupeleka ni tarehe 15 Aprili 2026.

Kusanya hivi kwanza

Usikae mezani kabla hujawa na vitu hivi, maana ukianza bila karatasi moja utabahatisha:

- SSA-1099. Inatumwa na Social Security mwezi Januari, inaonyesha walichokulipa mwaka mzima.
- 1099-R, moja kwa kila anayekulipa pensheni au aliyekutolea hela ya 401k, ile akiba ya uzeeni ya kazini.
- W-2, karatasi ya mshahara wa mwaka, kama mwenzi wako anafanya kazi au kama unalipwa na bima ya ulemavu ya kazini.
- Nakala za ritani za miaka iliyopita, hasa kama umelipwa malimbikizo ya SSDI.
- Umri wa chini wa kustaafu kwenye mpango wako wa pensheni. Hii haimo kwenye karatasi yoyote hapo juu, piga simu HR au kwa wanaosimamia mpango wenyewe uwaulize. Nitakuambia kwa nini.
- Kalkuleta na daftari. Programu ya kodi itafanya hesabu, lakini wewe fanya kwa mkono mara moja ili ujue ikikudanganya.

Bahasha ambazo hujafungua, fungua. Kuna mzee alikuja na mfuko wa plastiki wa dukani umejaa barua zimefungwa vile vile zilivyotoka kwa mtu wa posta, na SSA-1099 yake ilikuwa humo ndani, imekaa wiki tano.

Hatua ya 1: Itambue kila hela kwa jina lake

Watu wanasema "hela ya ulemavu" kana kwamba ni moja, kumbe ziko kama sita na kila moja ina sheria yake.

SSI, ule msaada wa serikali kwa walemavu na wazee wenye kipato kidogo, haina kodi. Haiingii kwenye ritani na hutatumiwa SSA-1099 kwa ajili yake. Ila angalia, pensheni inaweza kupunguza SSI yako yenyewe, maana zile dola 20 za mwanzo tu kwa mwezi ndo zinaachwa, zinazobaki zinatolewa dola kwa dola.

SSDI ndo inayohesabiwa kwa fomula tutakayoiona. Pensheni ya kawaida ya kazini haiipunguzi SSDI, hilo wengi wanaogopa bure.

Fidia ya kuumia kazini haina kodi. Lakini ikiwa imesababisha SSDI yako ipunguzwe, kile kipande kilichopunguzwa IRS wanakihesabu kana kwamba ni SSDI, na utakikuta ndani ya SSA-1099 yako. Usishangae namba ikiwa kubwa.

Bima ya ulemavu ya kazini inategemea nani alikuwa analipa ada. Mwajiri akilipa, au wewe ukilipa kwa hela iliyokatwa kabla ya kodi, malipo yana kodi. Wewe ukilipa kwa hela ambayo tayari imekatwa kodi, hayana. Mkigawana, na kodi inagawanyika. Tafuta hati ya zamani ya mshahara uone ada ilikuwa inakatwa upande gani.

Hela ya ulemavu ya wanajeshi wastaafu kutoka VA, idara ya serikali inayowahudumia, haina kodi.

Pensheni ya kazini na 401k zina kodi, isipokuwa ile sehemu uliyochanga mwenyewe kwa hela iliyokwisha kukatwa kodi.

Na ile NSSF ya nyumbani kama unaipokea, nayo ni mapato. Marekani inataka kujua mapato ya mkazi wake ya dunia nzima, si ya hapa tu.

Hatua ya 2: Soma SSA-1099 kwenye boksi namba 5, si kwenye akaunti ya benki

Hapa ndo kosa namba moja. Mtu anafungua simu, anaona kila mwezi imeingia 1,615, anazidisha mara 12 anaandika 19,380. Lakini SSDI yake ni 1,800, ile 185 imekatwa kulipia Medicare Part B, bima ya matibabu, kabla haijafika benki. IRS wana namba 21,600 na ndo iliyoandikwa boksi 5. Ukiandika ya benki, barua ya IRS itakuja tu.

Kosa namba mbili ni la wenye watoto. Mtoto wako akilipwa kwa sababu wewe ni mlemavu, hela hiyo ni mapato ya mtoto hata kama inaingia kwenye akaunti yako na wewe ndo unanunua unga. Ina SSA-1099 yake kwa namba yake. Usiijumlishe na yako. Mtoto mwenyewe kwa kawaida hana mapato mengine kwa hiyo hadaiwi kitu.

Hatua ya 3: Angalia boksi 7 kwenye 1099-R, usilipite

Ni boksi dogo, lina herufi au tarakimu moja au mbili tu, watu wanaliruka. Mimi nililiruka na likanigharimu.

Kama kuna tarakimu 3, maana yake ni malipo ya ulemavu. Sasa uliza: umefikisha umri wa chini wa kustaafu kwenye mpango wa mwajiri wako? Si umri wa Social Security, ni ule umri wa mapema kabisa ambao ungeweza kuanza kuchukua pensheni kama ungekuwa mzima. Kwenye mpango wangu ni 55, kwako unaweza kuwa mwingine.

Kama hujaufikisha, pensheni yako ya ulemavu inahesabiwa kama mshahara. Inaandikwa mstari wa 1h wa fomu 1040, yaani ritani yenyewe, si mstari wa 5. Kuanzia siku inayofuata baada ya kuufikisha, inageuka pensheni ya kawaida na kuhamia 5a na 5b.

Utasema mstari tu, kuna tofauti gani, kodi si ile ile? Kodi ndiyo, ni ile ile. Lakini kuna nafuu ya kodi inayoitwa EITC, wanapewa wenye kipato cha kazi kidogo, hasa wenye watoto, na pensheni ya ulemavu iliyo kwenye 1h inahesabiwa kuwa kipato cha kazi. Ikikaa mstari wa 5 haihesabiwi. SSDI nayo haihesabiwi hata siku moja. Mimi mwaka wa kwanza niliandika mstari wa 5, nikiwa na mtoto wa miaka tisa nyumbani, programu ikaniambia sistahili EITC nikaamini. Mwaka wa pili ndo mama mmoja mkubwa, mjitoleaji, akaweka kidole juu ya lile boksi 7 akaniuliza, "Baba, una miaka mingapi?" Nikatuma 1040-X, fomu ya kurekebisha ritani, nikarudishiwa. Kwa mwaka 2025 mwenye watoto watatu au zaidi anaweza kupata mpaka dola 8,046, kwa hiyo si mchezo.

Kwenye programu ya kodi, ukiingiza 1099-R yenye tarakimu 3 tafuta swali au kijiboksi kinachouliza kama ni ulemavu na hujafikisha umri wa kustaafu. Kiweke tiki. Programu haiwezi kukisia umri wa mpango wako.

Hatua ya 4: Pata namba ya kipimo

Hili ndo jina nililoipa mimi, ni hesabu ya kujua kama SSDI imeamka. Fanya hivi:

Chukua nusu ya boksi 5. Jumlisha na mapato mengine yote yenye kodi: pensheni, 401k, mshahara, riba ya benki, na ukijaza pamoja na mwenzi wako basi na mapato yake yote. Ongeza hata ile riba ya hati za dhamana isiyokuwa na kodi. Jibu ndo namba ya kipimo.

Sasa linganisha:

- Uko peke yako, au ni kichwa cha familia: chini ya 25,000, SSDI haina kodi. Kati ya 25,000 na 34,000, mpaka nusu ya SSDI inaweza kuingia kwenye kodi. Zaidi ya 34,000, mpaka asilimia 85.
- Mmeoana na mnajaza pamoja: badala ya 25,000 weka 32,000, badala ya 34,000 weka 44,000.
- Mmeoana, mmeishi nyumba moja hata siku moja ya mwaka, na kila mtu anajaza ritani yake: kizingiti ni sifuri. Ndiyo, sifuri.

Hiyo ya mwisho inawaumiza watu sana, maana wanandoa wanakaa chini wanasema tujaze mbalimbali ili mshahara wa mama usiguse hela ya baba, na ndo wameigusisha dola ya kwanza kabisa.

Na asilimia 85 si kiwango cha kodi jamani! Kila mwaka lazima nimtulize mtu mmoja. Maana yake ni kwamba kati ya dola 100 za SSDI, 85 zinaingia kwenye chungu cha mapato, halafu chungu chote kinakatwa kwa kiwango chako cha kawaida, asilimia 10 au 12 kwa wengi wetu. Hakuna anayekatwa 85 kati ya 100.

Hivi vizingiti 25,000 na 32,000 viliwekwa kwenye sheria ya mwaka 1983, vile vya juu vikaongezwa mwaka 1993, na havijawahi kupandishwa hata mara moja ingawa mkate umepanda mara ngapi sijui. Ndo maana kila mwaka wanaongezeka watu ambao zamani hawakuwa wanaguswa.

Hatua ya 5: Hesabu kiasi kinachoingia kwenye kodi

Twende na mifano, ndo inaeleweka. Wote wako peke yao, chini ya miaka 65.

*Wa kwanza* ana SSDI 18,000 kwa mwaka na pensheni 14,400. Nusu ya SSDI ni 9,000, jumlisha 14,400, unapata 23,400. Chini ya 25,000. SSDI imelala. Inabaki pensheni 14,400, na punguzo la kawaida, yaani kile kiasi serikali inachokuachia bila kukigusa, kwa mtu mmoja mwaka 2025 ni 15,750. Hadaiwi kitu.

*Wa pili* ana SSDI 21,600 na pensheni 20,400. Nusu ni 10,800, jumlisha 20,400, ni 31,200. Amevuka 25,000 kwa 6,200. Nusu ya hiyo 6,200 ni 3,100, na hiyo ndo sehemu ya SSDI inayoingia kwenye kodi, si 21,600 yote. Mapato yake sasa ni 20,400 na 3,100, jumla 23,500. Toa 15,750, inabaki 7,750. Asilimia 10 ni kama dola 775 kwa mwaka.

*Wa tatu* ana SSDI 24,000 na pensheni 30,000. Kipimo ni 42,000. Amevuka 34,000 kwa 8,000, chukua asilimia 85 yake, ni 6,800. Ongeza 4,500, ambayo ni nusu ya ile nafasi kati ya 25,000 na 34,000. Inakuwa 11,300. Hakikisha haijazidi asilimia 85 ya SSDI yote, yaani 20,400. Haijazidi, kwa hiyo ni 11,300.

Kwenye fomu, SSDI nzima inaandikwa 6a, na ile sehemu yenye kodi 6b. Ukiwa chini ya kizingiti 6b ni sifuri.

Asiyeona kabisa, au ambaye macho yake yamefikia kiwango cha upofu kisheria, anaongezewa punguzo, 2,000 kwa aliye peke yake na 1,600 kwa aliyeoa au kuolewa. Kuna kijiboksi chake kwenye fomu 1040. Watu hawakioni, na hapo sijatania.

Hatua ya 6: Kabla hujagusa 401k, rudia hesabu

Mrudie yule wa pili. Gari limekufa, anatoa dola 5,000 kwenye 401k. Anafikiri atalipa asilimia 10 ya 5,000, dola 500. Lakini ile 5,000 inasukuma kipimo kutoka 31,200 mpaka 36,200, kinavuka 34,000, na SSDI yenye kodi inapanda kutoka 3,100 mpaka 6,370. Mapato yake yanakuwa 31,770, toa 15,750 inabaki 16,020, kodi ni karibu 1,684. Kutoka 775! Ile 5,000 imemgharimu dola 900 na kitu, maana imekuja na kodi yake na imeamsha kodi ya SSDI juu yake.

Kama angeweza kutoa 2,500 Desemba na 2,500 Januari, sehemu ya kwanza ingemfikisha 33,700, chini ya 34,000. Si kila gari linasubiri Januari, najua.

Kitu kingine, ukitoa 401k kabla ya miaka 59 na nusu kuna adhabu ya asilimia 10, lakini mwenye ulemavu wa kudumu unaomzuia kufanya kazi anasamehewa. Anasamehewa adhabu, si kodi yenyewe. Tofautisha.

Hatua ya 7: Kama umelipwa malimbikizo, simama hapa kwanza

SSDI inachukua muda mrefu kukubaliwa, halafu inakuja kwa mkupuo. Tuseme umelipwa malimbikizo ya 31,000 ya miaka iliyopita, wakili kachukua asilimia 25, yaani 7,750, na benki imeingia 23,250. SSA-1099 inaonyesha 31,000 yote, na ya mwaka huu juu yake. Ile ya wakili imo ndani. Na huwezi kuitoa kama gharama.

Ukiiweka yote kwenye mwaka mmoja kipimo kinaruka mpaka juu na unaweza kudaiwa maelfu. Sheria inakuruhusu uchague njia nyingine. Kwenye SSA-1099, chini ya boksi 3, wameandika kiasi gani ni cha mwaka gani. Unachukua ritani ya kila mwaka ule wa nyuma, unahesabu SSDI ingekuwa na kodi kiasi gani kama ingelipwa wakati wake, unajumlisha na ya mwaka huu. Jumla ikiwa ndogo kuliko njia ya kawaida, unaitumia, na unaweka tiki mstari 6c. Karatasi za hesabu ziko kwenye kijitabu cha IRS namba 915, na programu nyingi zinafanya zenyewe ukizijazia miaka.

Usirekebishe ritani za miaka ya nyuma kwa ajili ya malimbikizo. Hapana. Hesabu inatumia namba za nyuma lakini kodi inalipwa kwenye ritani ya mwaka uliopokea hela. Kijana mmoja alishatuma 1040-X tatu kabla hajaja kwetu, ikatuchukua mpaka Agosti kufungua lile fundo.

Hatua ya 8: Panga makato ya mwaka unaokuja

Usingoje Aprili. Una milango miwili.

Upande wa SSDI, jaza W-4V, fomu ya kuomba ukatwe kodi, na uipeleke Social Security, si IRS. Unachagua asilimia 7, 10, 12 au 22, hakuna nyingine. Upande wa pensheni, jaza W-4P, fomu ya makato ya pensheni, umpe anayekulipa, na mstari wa 4c unaandika dola ngapi za ziada akukate kila mwezi.

Mimi napendelea mlango wa pensheni. Yule wa pili anahitaji kama dola 65 kwa mwezi kwa jumla. Akitumia W-4V, hata asilimia 7 ya 1,800 ni dola 126, karibu mara mbili, atakaa mwaka mzima akiikopesha serikali hela ya umeme. Kwa W-4P anaweka kiasi anachotaka. Mwaka wangu wa kwanza mimi niliandika wasinikate chochote, nikajiona mjanja, Aprili nikatafuta hela ya kulipa.

Ukiona utadaiwa chini ya dola 1,000 baada ya makato, hakuna adhabu ya kutolipa mapema. Zaidi ya hapo, ama ongeza makato au lipa mwenyewe IRS kwa awamu nne kwa fomu 1040-ES.

Hatua ya 9: Jimbo lako

Majimbo mengi hayagusi SSDI. Texas haina kodi ya mapato kabisa, ndugu wa Houston na Dallas ruka hatua hii. Iowa, walikojaa Wakongomani wetu, haikati SSDI, na tangu 2023 haikati pia pensheni ya mwenye miaka 55 au mwenye ulemavu, lakini lazima uitoe mwenyewe kwenye ritani ya jimbo. Minnesota na Utah wanaweza kukata SSDI kwa mwenye kipato kikubwa zaidi, wana hesabu zao. Soma maelekezo ya jimbo lako, usichukue ya binamu yako wa jimbo jingine.

Mambo yakikwama

*"Nimesikia Social Security haina kodi tena."* Haikufutwa. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeleta punguzo la ziada la mpaka dola 6,000 kwa wenye miaka 65 na kuendelea, mwaka 2025 mpaka 2028. Uko kwenye SSDI na una miaka 50? Halikuhusu.

*SSA-1099 haijafika.* Ingia kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya Social Security uichapishe, au piga 1-800-772-1213. Usijaze kwa kukisia.

*Boksi 2a ya 1099-R iko tupu.* Wanaokulipa hawajahesabu sehemu yenye kodi. Angalia boksi 5 na boksi 9b kama ulichanga hela yako mwenyewe. Kama hukuchanga kitu, kwa kawaida boksi 1 yote ina kodi. Kama ulichanga, kuna karatasi ya hesabu kwenye maelekezo ya 1040 inayogawa mchango wako kidogo kidogo kila mwezi.

*Nimetoa 401k, boksi 7 limeandikwa 1 badala ya 3.* Waliolipa hawakujua kuwa wewe ni mlemavu. Jaza fomu 5329, weka namba ya msamaha 03, na utunze barua ya daktari na ya Social Security.

*Bima ya ulemavu imenidai warudishiwe hela baada ya SSDI kuja.* Kawaida yao. Kama malipo yale yalikuwa na kodi na umerudisha mwaka ule ule, omba karatasi ionyeshe kiasi kilichobaki. Kama umerudisha zaidi ya dola 3,000 za miaka ya nyuma, sheria inakupa njia ya kupata nafuu ya ile kodi uliyolipa. Hii moja usiifanye peke yako, nenda kwa mtu anayeijua.

*Nimeshatuma na nimekosea.* 1040-X, una miaka mitatu tangu ulipotuma ya kwanza kudai kurudishiwa.

*Imekuja barua ya CP2000.* Si kesi ya polisi. IRS wanasema namba zao hazilingani na zako. Kaa na SSA-1099 na 1099-R zako, linganisha mstari kwa mstari, kubali au kataa, ujibu kabla ya tarehe iliyoandikwa juu. Wanaoumia ni wanaoiweka kwenye droo.

*Nadaiwa na sina.* Tuma ritani hivyo hivyo. Kuchelewa kutuma ni asilimia 5 kwa mwezi ya unachodaiwa, kuchelewa kulipa ni nusu ya asilimia moja. Halafu omba kulipa kidogo kidogo.

*Nani anisaidie bure?* VITA, mpango wa IRS wa wajitoleaji wanaokujazia ritani. Wanawahudumia wenye kipato cha chini, wenye ulemavu, na wasiojua Kiingereza vizuri. Uliza maktaba ya mtaani au piga 800-906-9887. Ukipanga miadi waambie mapema kama una malimbikizo, maana si kila mjitoleaji anaifahamu ile hesabu ya 6c.

*Nataka kurudi nyumbani Tabora nikale pensheni yangu huko.* SSI inakatika ukikaa nje siku 30 mfululizo. SSDI inaweza kukufuata, ila ulizia kwanza Social Security kabla hujanunua tiketi. Ukiwa raia wa Marekani utaendelea kujaza ritani kama ulivyokuwa hapa, kwa fomula ile ile. Ukiwa si raia na IRS hawakuhesabu tena kuwa mkazi, vizingiti vyote vya hatua ya 4 havikuhusu, wanakata asilimia 30 ya ile 85, yaani dola 25 na senti 50 katika kila 100, kabla haijaondoka Marekani.